Popobawa alivyowalaza watu nje

Nyie ambao 1995 mlikuwa wadogo au hamjazaliwa, popobawa, yule jini anayesemekana kuvamia watu usiku na kuwaingilia kimwili, mnamfanyia utani tu. Mwaka ule hofu yake ilianzia Pemba ikaja mpaka Unguja, watu wakawa hawalali ndani kabisa, mikeka inatandikwa uani, moto unakokwa, jirani kwa jirani wanakaa pamoja mpaka alfajiri, maana ilisemekana akikuvamia halafu ukanyamaza usiwaambie wenzio basi atarudi tena. Yaani hilo ndo linanishangaza mpaka leo, jini mwenyewe anakulazimisha useme! Na aibu yote ile watu walisema kweli, wakafarijiana.

Ila msije mkadhani ilikuwa mapenzi matupu. Hofu hiyohiyo ndo ilimfanya mtu asiyejulikana aangaliwe kwa jicho baya, na mjini Unguja kuna mtu mwenye matatizo ya akili alipigwa na kundi la watu mpaka akafa, eti ndo popobawa mwenyewe. Kwahiyo umoja ulikuwepo, ila wa wale wanaojuana, wewe mwingine pole yako.

Bara nako, Usukumani, hakuna cha kukesha pamoja, bibi kizee macho mekundu kwa moshi wa jikoni miaka nenda rudi anaitwa mchawi, wakati mwingine na ndugu zake kabisa, na ukichimba kidogo unakuta kuna shamba linamezewa mate. Mimi siku hizi nikisikia fulani mchawi swali langu la kwanza ni nani atarithi.