Siku mbili za mwisho ndani ya meli ndogo Alaska, mkiwa na familia

Ukiwa na familia kwenye meli ndogo kusini-mashariki mwa Alaska, panga siku mbili za mwisho kwa kurudi nyuma kutoka asubuhi ya kushuka. Swali la kwanza ni hili: vitu vilivyolowa vitakauka lini? Huku ni msitu wa mvua. Kabini imejaa unyevu wa watu wanne na mataulo yao, na gambuti za mtoto zilizoingia maji saa kumi jioni huwa bado mbichi saa mbili asubuhi ya kesho yake. Begi likifungwa na vitu hivyo ndani, kila kilichokuwa kikavu nacho kinalowa, na uzito unapanda kupita kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu kwa begi moja.

Kwa hiyo safari ya kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, iwe asubuhi ya siku kamili ya mwisho, isiwe alasiri. Orodha za matembezi kwa kawaida hujazwa jioni iliyotangulia, na siku ya mwisho kila mtu anataka kwenda, basi jiandikisheni mapema. Kwenye kayaki ya watu wawili mtu mzima akae nyuma, ndiko usukani uliko, mtoto mbele. Anayepata baridi kwanza ni mtoto, kwa sababu anapiga kasia kidogo huku mikono yake ikirowanishwa na matone. Mvalishe nguo za sufu au za kitambaa cha kisasa kinachokauka haraka. Pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Akianza kunyamaza, kujikwaa katika maneno au kuangusha kasia, rudini melini papo hapo. Karibu na barafu maji yako nyuzi chache tu juu ya sifuri. Na choo kiwe kabla ya kuvaa, si baada.

Mnapotua ufukweni, angalieni maji. Kwenye Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa, tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 7 wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo begi lililoachwa juu ya jiwe lililo kavu kabisa linaweza kuwa ndani ya bahari kabla hamjarudi kutoka matembezini.

Mkisharudi, chochote kilichoguswa na bahari kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana glavu zilizotundikwa usiku kucha zinaamka na ubichi ule ule. Kamua, viringisha ndani ya taulo kavu, likanyage taulo hilo kwa miguu, ndipo utundike. Gambuti toa soli za ndani, jaza karatasi za jikoni, badilisha baada ya saa mbili au tatu. Usiziegemeze kwenye hita, mpira hupasuka na gundi huachia. Waulize mabaharia kama kuna mahali pa kukaushia. Meli nyingi zina kona ya namna hiyo, na usiku wa mwisho hujaa haraka.

Alasiri iachieni barafu. Margerie, mto wa barafu wenye urefu wa kilomita 34 hivi unaoishia baharini ndani ya Glacier Bay, hutazamwa vizuri zaidi kutoka sitahani, na hapo ndipo bibi, babu na mtoto mchanga wanaweza kuwa pamoja na wengine. Kosa linalorudiwa sana ni kusubiri mlio wa barafu inayokatika na kuanguka baharini, ndipo mtu atazame. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Meli ikiwa mita 800 kutoka kwenye ukuta wa barafu, mlio unawafikia baada ya sekunde mbili na zaidi, na kipande kimeshazama. Wafundisheni watoto kutazama mahali panapodondoka vipande vidogo vidogo mfululizo, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo kipande kikubwa hufuata. Upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu ni mkali hata jua likiwaka, basi kofia na glavu kavu ziwe zimetengwa tangu asubuhi. Kamera iliyokaa baridini isiingizwe kabini wazi: toa kadi ya picha, ifunge kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa, isubiri kama saa moja. La sivyo unyevu unafanya matone kwenye lenzi na hata ndani yake.

Kabla ya kufunga mabegi, kagueni mifuko ya makoti ya watoto. Ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi kuchukua jiwe wala mfupa. Manyoya ya ndege nayo yanalindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1918 kuhusu ndege wanaohama, na ya tai ina sheria yake. Elezeni mapema, siku ya kwanza ikiwezekana. Kumnyang'anya mtoto hazina yake dakika za mwisho ni kumharibia siku bure.

Picha zikusanyeni mkiwa bado melini. Msitegemee kutumiana, kwani intaneti ni ya setilaiti na mara nyingi ni dhaifu au haipo. Nakilini zote kwenye diski moja ya nje usiku wa mwisho. Linganisheni saa za kamera na simu kwanza, vinginevyo picha zikipangwa kwa muda nyangumi wa asubuhi atatokea baada ya chakula cha jioni.

Mabegi makubwa hutolewa nje ya kabini mapema sana asubuhi ya kushuka. Bakizeni vitambulisho, dawa, chaja, nguo za kuvaa na viatu, na vya watoto mvihesabu jozi kwa jozi. Betri za akiba za simu ziingie begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye begi la kukabidhiwa. Dawa ya kupulizia ya kufukuzia dubu haipandi ndege ya abiria kabisa, iacheni. Bakshishi ya mabaharia kwa kawaida huwekwa pamoja na kugawanywa kwa wote, wa jikoni na wa injini wakiwemo. Kwa familia ya watu watano ni fedha nyingi, kwa hiyo itengeni kabla ya safari.

Mkishukia Juneau, mji mkuu wa Alaska, hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine; mnaondoka kwa ndege au kwa meli. Ukungu na mawingu ya chini huchelewesha ndege, basi kama mnaunganisha ndege Seattle wekeni nafasi ya saa kadhaa au mlale usiku mmoja, na mkumbuke saa ya Seattle iko mbele kwa saa moja. Mkishukia mji wa Ketchikan, uwanja wa ndege uko kisiwa cha pili, Gravina, na mnavuka kwa feri mkiwa na mabegi yote.

Nchi kavu itaonekana kuyumba kwa siku moja au mbili, hasa mkisimama bafuni mmefumba macho. Mwambieni mtoto mapema asiogope. Anayeyumba sana asiendeshe gari siku hiyo, na hali ikiendelea kwa wiki kadhaa amwone daktari.