Daktari wa Familia: Nilikotoka na Namna Ninavyotibu

Nilizaliwa Ngamiani, mtaa wa Tanga, nikasomea udaktari Muhimbili, na baada ya mafunzo kwa vitendo nilifanya kazi wodini kabla ya kuchagua udaktari wa familia, fani ambayo Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kuitolea mafunzo ya ubingwa Dar es Salaam mwaka 2004. Wenzangu wengi walivutiwa na upasuaji au magonjwa ya moyo. Mimi nilitaka kumwona mgonjwa yuleyule mwaka hadi mwaka, nimjue na mkwe wake, na nijue kinachopikwa kwake.

Wengi wanaokuja kwangu hapa Tanga wana presha, kisukari, au vyote viwili. Huwaomba waje na dawa zote zilizoko nyumbani, zikiwemo walizoziacha na mitishamba, kwa kuwa faili huonyesha dawa alizoandikiwa mtu, wala halionyeshi anazomeza. Mama mmoja mtu mzima alikuja akiwa na miguu iliyovimba. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za watoto, alifungua pindo la kanga na kuniwekea mezani pakiti mbili za rangi tofauti, zenye majina tofauti, alizopewa sehemu mbili tofauti. Zote zilikuwa amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 10. Kwa hiyo alikuwa akimeza miligramu 20 kwa siku, ilhali kiwango cha juu ni 10, na dawa hiyo ikizidi huvimbisha miguu. Kwa ajili ya uvimbe huo alikuwa ameongezewa dawa ya kukojoa, iliyomnyima usingizi.

"Kumbe hizi ni kitu kimoja, mwanangu?" aliuliza.

Nilimpima moyo na figo kwanza, nisije nikailaumu dawa pekee kwa uvimbe huo. Vilipoonekana salama, tuliondoa pakiti moja na kusimamisha ile dawa ya kukojoa, na miguu ikarudi hali yake. Naamini kwa dhati kwamba dakika zile za kupekua dawa zilimsaidia kuliko kipimo chochote cha gharama ambacho ningemwandikia.

Kwa wenye kisukari wanaotaka kufunga Ramadhani, mazungumzo huanza tangu Rajabu, maana insulini na glibenklamidi, kidonge cha kisukari, zinaweza kushusha sukari kwa hatari mchana, na saa za kuzitumia pamoja na dozi hupangwa upya mapema. Nawaambia bila kuficha: sukari ikishuka chini ya 3.9 (milimoli kwa lita), fungua hapohapo, hata kama magharibi imebaki dakika chache. Ikipita 16.6, fungua pia. Wapo wanaosikitika kuambiwa hivyo, na nawaelewa, kwa hiyo huwashauri wazungumze na shehe wao pia. Mpishi wa nyumbani pia namwita kwenye kikao hicho, kwani ndiye anayeamua kaimati za futari zimiminiwe shira kiasi gani.