"Madamu, mafuta"

Maneno mawili tu, na leo siku ya nne hayajanitoka.

Ilikuwa Jumamosi, pango la Nang'oma. Ndani ya kosta, tangu Njia Nne mpaka tunakaribia Kipatimu, niliwahubiria Kidato cha Pili wangu: mvua inachukua hewa ukaa udongoni, inakuwa asidi hafifu, inayeyusha mawe ya chokaa. Tone likidondoka pangoni, linaacha chokaa yake pale chini, na hivyo ndivyo stalagmiti, ile nguzo ya jiwe itokayo sakafuni, inavyoinuka. Sentimita moja yaweza kula miaka mia. Kwa hiyo msiguse! Mkono una mafuta, na penye mafuta chokaa haishiki.

Haya. Tumeingia, popo juu, utelezi chini, na mimi nimevaa vile viatu vya sendofu ya wifi (msiniulize). Mguu ukaponyoka, nikaikumbatia stalagmiti ya kimo changu kwa mikono yote miwili. Ya baridi, imelowa kama mtungi. Na asubuhi nilijipaka mafuta ya nazi mpaka viwikoni.

Nyuma yangu, taratibu, kwa adabu kabisa: "Madamu, mafuta."

Ni yule mwanafunzi wangu asiyeishiwa maswali. Badala ya kusema nimeteleza mwanangu, nikamjibu: "Wewe mulika mbele."

Hakucheka. Angecheka ningepona. Alimulika mbele, na hakuuliza kitu tena mpaka tumerudi Kilwa Masoko. Yeye, ambaye kengele humkuta bado kanyoosha mkono!

Uhamisho wa Baba Shani umetoka, Newala, anaripoti tarehe moja, na hata hilo nimelisikia nusunusu. Nageuza samaki jikoni, nasikia "mafuta".

Jana usiku ndipo nikamkumbuka mzee aliyetuongoza. Alisimulia jinsi Wamatumbi walivyojificha mle wakati wa Maji Maji, baada ya kung'oa pamba ya Wajerumani, Julai 1905. Wakati ule sikumsikiliza vizuri, nilikuwa nafuta mikono kwenye khanga. Kina mama na watoto mgongoni, gizani, kwenye utelezi ule ule. Walishika nini hao? Nikacheka peke yangu, Baba Shani akageukia ukutani.

Kesho kipindi cha kwanza ni changu. Nitamwambia niliteleza, mbele ya wote.

Mama naye kapiga simu: mikorosho imeanza kutoa maua, na salfa ya kupulizia hana hata mfuko mmoja.