Menyu isiyo na tarehe

Nakusanya makaratasi ya safari za zamani: ratiba za treni, vijitabu vya hoteli, menyu. Tanga ni mji mzuri kwa kazi hii maana umekulia kwenye reli. Wajerumani walianza kuitandika hapa mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, na huku Ngamiani si ajabu kukuta nyumba ambayo babu alikula mshahara wa reli. Kinachonisumbua ni hewa ya bahari. Karatasi hapa inavuta unyevu kama chumvi, na mchwa nao hawana huruma.

Mwaka juzi bibi mmoja, jirani wa shangazi yangu, aliniita. Marehemu mumewe alikuwa mhudumu kwenye behewa la chakula.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Vuta hilo sanduku uvunguni. Mimi macho hayasomi tena."

Ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga, kulikuwa na kijitabu cha ratiba ya treni, na katikati yake menyu iliyokunjwa mara mbili. Supu, samaki, nyama ya kuoka, pudini, kahawa. Tarehe hakuna, si kwenye menyu wala kwenye kijitabu. Jalada lilikuwa limeng'oka.

Nilianza na herufi zilizo juu ya menyu: EAR&H. Shirika hilo la Reli na Bandari za Afrika Mashariki liliundwa 1948, na mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli, herufi H ikaondoka. Kwa hiyo menyu ni ya kati ya miaka hiyo. Ishirini na moja ni mingi mno kwangu.

Kijitabu kilinisaidia zaidi. Nyuma kina ramani ya njia za reli, nami niliifuata kwa ncha ya kijiti, kituo kwa kituo: Tanga, Muheza, Mnyusi, Korogwe. Pale Mnyusi nikasimama. Leo kuna njia inayoteremka kutoka hapo hadi Ruvu kukutana na Reli ya Kati. Kwenye ramani hii haipo, ni karatasi tupu. Njia hiyo ilifunguliwa 1963. Basi kijitabu kimechapwa kabla ya hapo. Nilifurahi, lakini sikuipa menyu umri wa kijitabu. Vitu viwili kulala sanduku moja hakuvifanyi kuwa pacha, na wakusanyaji wengi tunakosea hapo.

Kazi ya kusafisha ikaja. Pini za kijitabu zilikuwa zimeshika kutu. Pini ya namna hiyo haivutwi: unainyoosha miguu yake kwa nyuma kwa kisu chembamba, kisha unaitoa polepole, la sivyo inaondoka na karatasi. Laminesheni siigusi tena. Miaka ya nyuma niliwahi kupeleka menyu ya hoteli ikapigwe laminesheni, ikatoka na mkunjo uliogandia ndani ya plastiki, na hadi leo hakuna namna ya kuutoa. Sasa natumia mifuko ya poliesta, ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, kwenye kabati lisilogusa ukuta wa nje.

Nyuma ya menyu kulikuwa na alama za penseli zilizofifia. Niliziona kama uchafu, na ufutio ulikuwa tayari mkononi. Sijui nini kilinizuia. Nikaipeleka dirishani, jua la asubuhi likiipiga kwa ubavu, na maneno yakajitokeza: "Meza 4, chai 2, kahawa 1. Meza 6, bado."

Nilirudi kwa bibi jioni ile ile na kumsomea. Akanyamaza, kisha akaniomba nimwonyeshe hiyo sita. Nilikuwa nimeipiga picha, nikaikuza kwenye simu hadi ikajaa kioo.

"Ni yeye," akasema. "Sita yake ilikuwa na mkia mrefu. Alikuwa anaandika oda kwenye chochote."

Nikamuuliza mzee aliacha lini kazi ya treni.

"Mwaka wa Uhuru, mwanangu. Alishuka mwaka ule, hakupanda tena kama mtumishi."

Basi ni 1961 au kabla yake. Nimeandika hivyo kwa penseli, kwenye jalada, si kwenye menyu. Bibi nilimpelekea kopi ya rangi ya pande zote mbili, na ameitundika ukutani upande wa nyuma ukitazama nje.