Mafagio ya ghala yaliniulia kuku 31

Niliponunua viroba vitatu vya mafagio pale Makambako nilijiona mjanja. Mafagio ni mahindi yanayozolewa sakafuni shehena ikishaondoka: punje, vumbi, na bei ya kutupa. Kuku wa kienyeji hawana makuu, nikawamwagia hivyo hivyo. Mlikuwa na unga wa kijivu humo. Nikadhani ni majivu tu, maana hata mama yangu alikuwa akichanganya majivu kwenye mahindi kuzuia dumuzi.

Walikula asubuhi. Adhuhuri walikuwa wanahema midomo wazi, mabawa yameshuka. Nikawaza mdondo, lakini nilishachanja, na mdondo gani unaua banda zima kati ya chai na chakula cha mchana?

Bwana mifugo alipofika nilikuwa nimeshamlaza mmoja mezani jikoni, kisu mkononi. “Dada, tutoke nje kwanza.” Akasimama upepo unakotokea, akapasua gole. Ikatoka harufu kama ya kitunguu saumu na samaki aliyeoza. Hewa hiyo hiyo, alisema, ingetudhuru na sisi kule jikoni.

Kumbe ule unga ni masalia ya vidonge vya kufukizia. Kidonge cha gramu 3 kikipata unyevu hutoa gramu 1 ya gesi ya fosfini, ndiyo inayoua wadudu. Ghala likipitishwa hewa vizuri gesi huondoka na nafaka hailaumiwi. Ila ule unga huweza kubaki na dawa ambayo haijaisha nguvu, na tumboni mwa kuku inakutana na maji na asidi. Dawa ya kuizimua hakuna.

Tulichoweza ni kuondoa chakula na kuwatoa wote nje kwenye hewa. Waliodonoa kidogo walipona. Jirani alitaka tuwachinje waliokuwa wanakata roho, “nyama isipotee”. Nilikataa, akanuna. Tukawafukia shimo refu mbwa wasifukue.

Siku hizi nanunua mahindi ya gunia tu, na nauliza vidonge viliwekwa lini, na unga wake ulitupwa wapi. Ya kwangu nayahifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, bila dawa yoyote. Mifuko ni ghali, lakini nimeshajua bei ya mafagio.

Muuzaji yupo palepale. Juzi akaniita: “Mama, leo yamekuja masafi!” Nikamuuliza habari ya vidonge. Akaanza kuhesabu viroba upya.