Spika tano na sabufa kwenye kompyuta, kwa risiva ya mtumba isiyo na HDMI

Karibu kila niliyemuuliza namna ya kupata sauti ya pande zote kwenye kompyuta kwa gharama nafuu alinipa jibu moja kati ya mawili: ninunue hedifoni nisahau habari za spika, au nisubiri hadi nitakapomudu risiva mpya (kifaa kinachopokea sauti na kuziendesha spika) yenye HDMI. Nayapinga majibu yote mawili. Mfumo wangu una spika tano na sabufa moja, unafanya kazi kama inavyotakiwa, na fedha zote zilizotumika hazikufika nusu ya bei ya hiyo risiva mpya.

Risiva yangu ni ya mtumba, na muuzaji aliitoa kwa bei ya chini kwa sababu haina tundu la HDMI na hakuna aliyeihitaji kwa televisheni ya kisasa. Hata hivyo, ndani yake kila spika ina amplifaya yake, na nyuma yake kuna kitu ambacho wanunuzi wengi hawakitazami: matundu sita ya RCA (matundu ya duara ya sauti ya analogi) yaliyowekwa pamoja chini ya maandishi MULTI CH IN, moja kwa kila spika na moja la sabufa, ambayo yalikusudiwa deki za DVD-Audio na SACD, diski za muziki wa chaneli nyingi. Ukienda kutafuta risiva ya zamani, igeuze kwanza uyatazame matundu hayo kabla ya kuuliza bei.

Spika nilizikusanya moja moja. Nilihakikisha tu kwamba mpira unaozunguka koni haujaoza na kwamba omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizoandikwa nyuma ya spika zinalingana na zile ambazo risiva inakubali. Baadhi ya nyaya zilikuwa zimepoteza alama za chanya na hasi, nami nilizitambua kwa betri ya volti 1.5: unagusisha ncha za waya kwenye betri kwa sekunde moja, na koni ikiruka kuelekea nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Usilipuuze jambo hili, kwa sababu spika mbili za mbele zikipingana besi hupungua na sauti inayopaswa kusikika katikati hupotea.

Ushauri ulionigharimu zaidi ulitoka kwa fundi mmoja aliyesisitiza nitumie kebo ya optiki, inayopitisha sauti ya kidijitali kwa mwanga, akidai kwamba sauti ya kidijitali huishinda ya analogi siku zote. Niliinunua, nikaweka filamu ya DVD, na taa ya Dolby Digital ikawaka kwenye uso wa risiva huku mvua ya kwenye filamu ikinyesha nyuma ya kichwa changu. Nilifurahi mno. Kisha nikafungua mchezo wa magari, na spika za nyuma zikanyamaza kabisa. Gari lililokuwa likinifuata lilisikika mbele. Fundi yuleyule aliposikia habari hiyo alitangaza kwamba amplifaya ya nyuma imeungua na inahitaji matengenezo, ingawa filamu ilikuwa imetoka kucheza vizuri kwenye spika hizohizo! Ukweli ni kwamba kebo ile inapitisha chaneli mbili tu za sauti isiyobanwa. Chaneli sita hupita endapo zimebanwa kwa Dolby Digital au DTS, na filamu ya DVD huja ikiwa imekwisha kubanwa. Mchezo hutengeneza sauti yake papo hapo, kwa hiyo ni lazima kompyuta yenyewe iibane kwa Dolby Digital Live au DTS Connect, uwezo ambao chipu za sauti za bei nafuu mara nyingi hazina.

Dawa ilikuwa analogi iliyodharauliwa: kebo tatu za kawaida, kila moja ikiwa na plagi ya milimita 3.5 upande mmoja na plagi mbili za RCA upande wa pili. Kwenye kompyuta zenye matundu ya kutosha, la kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la nyuma, na la rangi ya chungwa ni la spika ya kati pamoja na sabufa. Kompyuta yangu ina matatu tu, yaani kijani, buluu na waridi, na muuzaji wa vifaa aliniambia kwa uhakika kwamba sina budi kununua kadi ya sauti. Sikununua. Katika mipangilio ya draiva ya sauti nilichagua spika za 5.1 (spika tano na sabufa moja), na papo hapo tundu la buluu likageuka kuwa la nyuma na la waridi likawa la kati na sabufa. Maikrofoni nikaihamishia kwenye tundu la mbele ya kasha. Katika jaribio la kwanza sauti za waigizaji zilitoka kwenye sabufa, nzito na zisizoeleweka, na nilizirekebisha kwa kubadilishana plagi mbili za RCA tu.

Risiva nyingi hupitisha sauti ya matundu hayo sita kama ilivyo, bila kupima umbali wala kuhamishia besi kwenye sabufa, kwa hiyo kazi hiyo niliipa kompyuta kwa programu ya bure ya Equalizer APO. Sauti husafiri takribani sentimita 34 kwa milisekunde moja. Spika zangu za nyuma zipo karibu nami kuliko za mbele kwa sentimita 70 hivi, nami nikazichelewesha kwa milisekunde 2. Tofauti ilisikika mara moja: kabla ya hapo spika za nyuma zilikuwa zikinivuta masikio, na sasa sauti inapita kutoka mbele hadi nyuma bila kukatika. Za mbele nimeziweka nyuzi 30 kila upande wa mstari unaotoka kwangu kwenda mbele moja kwa moja, na za nyuma kwenye nyuzi 110, yaani nyuma kidogo tu ya masikio. Kuzibandika ukutani mbali mgongoni, kama wengi wanavyoelekeza, hakukunipa matokeo mazuri.

Sabufa niliiweka juu ya kiti changu, nikacheza muziki wenye besi, kisha nikatambaa kando ya kuta hadi nilipopata mahali ambapo kila noti ilisikika kwa nguvu zinazolingana. Hapo ndipo ilipo sasa. Mngurumo mdogo uliobaki ulitoweka nilipochomeka kompyuta, risiva na sabufa kwenye eksitensheni moja, na ninawasihi msiwasikilize wanaoshauri kukata mguu wa ethi wa plagi, kwa kuwa mguu huo upo kwa ajili ya usalama wenu.