Dodoso la msongo wa masomo na mahali linapoharibikia

Swali moja la "Je, una msongo wa mawazo?" halipimi kitu. Anayejibu ndiyo huenda anawaza mtihani wa kesho, au ugomvi wa nyumbani, nawe huna njia ya kujua.

Kwa masomo hasa kuna ESSA (Educational Stress Scale for Adolescents), kipimo cha msongo wa masomo kwa vijana kilichochapishwa mwaka 2011. Kina sentensi 16, na kila moja hupewa alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla huangukia kati ya 16 na 80. Shinikizo la masomo lina sentensi 4; wingi wa kazi, wasiwasi wa matokeo, matarajio ya mwanafunzi mwenyewe na kukata tamaa vina 3 kila kimoja. Wanaosoma jumla peke yake hupoteza sehemu yenye faida zaidi. Wanafunzi wawili wanaweza kupata 52, mmoja kwa sababu ya kazi nyingi za nyumbani, mwingine kwa kukata tamaa. Wa kwanza atapata nafuu walimu wakipanga upya ratiba ya kazi. Wa pili anahitaji mtu wa kuzungumza naye, tena mapema. Ukitaka kulinganisha maeneo hayo, gawa alama za kila eneo kwa idadi ya sentensi zake.

Dodoso jingine, PSS-10 (Perceived Stress Scale yenye sentensi 10), huulizia mwezi uliopita na msongo wa maisha kwa jumla, si wa shule tu. Kila sentensi hupewa alama 0 hadi 4, ila sentensi za 4, 5, 7 na 8 zimeandikwa kwa upande wa utulivu, hivyo lazima zigeuzwe: 0 iwe 4, 1 iwe 3. Hapa ndipo wengi hukosea. Dalili yake ni alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama sentensi za dodoso zinakubaliana, kushuka ghafla chini ya 0.70, nao watu hulaumu tafsiri ya dodoso.

Tafsiri nayo ina mitego yake. Wawili watafsiri kila mtu kivyake, wapatanishe matoleo yao, kisha wa tatu ambaye hajaliona dodoso la asili arudishe maneno kwenye lugha ya kwanza. Baada ya hapo kaa na wanafunzi wachache, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Hatua hii ndiyo hurukwa, na ndiyo hufichua kwamba "mara chache" na "wakati mwingine" kwao ni kitu kimoja.

Usipime wiki ya mitihani kisha ukalinganisha na wiki ya kufungua shule. Rudia wiki ileile ya muhula. Wafuate pia waliokosa siku hiyo, kwa kuwa utoro wenyewe unaweza kutokana na msongo.

Mwalimu wa somo asisimamie zoezi wala kukusanya karatasi. Andika namba za siri badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na mwanafunzi ikae kwa mshauri nasaha peke yake, ili alama za kukata tamaa zikiwa juu amwite mhusika wiki hiyohiyo. Alama hizo si utambuzi wa ugonjwa. Mshauri huanza kwa kumsikiliza.